Mafuta Hayana Umoja

Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja jioni,
nilipanda ngazi za Kilimani hadi nyumba D4
kumfundisha Thiik ngeli za nomino:
mia nane kwa saa, chai juu yao.

Miaka kumi na mmoja, magoti yanagonga meza.
Jino, meno. Jicho, macho.
Deni, madeni (hilo lilimjia upesi).
Kisha akaandika: futa, mafuta.

Nikachukua kalamu nyekundu.
"Mafuta hayana umoja, Thiik.
Kama maji. Kama mate. Kama maziwa."
"Na futa?"
"Futa ni kitenzi. Ndiyo kazi ya dasta."
Nyibol, mama yake, akacheka huko jikoni:
"Hayana umoja! Mwalimu, nani alikuambia habari za kwetu?"

Baba alikuwa Juba, wizarani,
na mshahara wake ulikuwa ndani ya pipa.
Akipiga simu Jumapili, kabla ya salamu
mtoto alimsomea bei ya dunia,
kama wenzake wanavyosoma magoli.
Sabini na mbili, baba.
Sitini na tano.
Baba, leo usiulize.

Mimi ni wa Kawangware. Napikia jiko la mafuta ya taa.
Usiku wa tarehe kumi na nne, bei mpya zilipotangazwa,
kesho yake tulijipanga kituoni na vidumu vyetu,
na Simiyu wa pampu akatupigia saluti kama mabwana.
Nilifurahi, sikatai.
Nilinunua lita mbili badala ya moja,
nikachemsha maharagwe mpaka yakapasuka,
nikasema: afadhali, Mungu kaangalia huku chini.

Alhamisi, D4, chai ilikuja bila maziwa.
Jumanne, bila sukari.
Alhamisi nyingine nikaletewa maji ya moto
kwenye kikombe kilekile cha wageni, chenye ukingo wa dhahabu,
na Nyibol akanitazama usoni nisije nikasema kitu.
Nikanywa. Nikasema ahsante, tumbo langu linapenda moto.

Kule chini, Kerubo wa mboga
alikuwa amejifunza kuagiza bamia kwa ajili yao,
kreti tatu kila Ijumaa, na kudra akipata.
Sasa bamia zimekomaa, zimekuwa vijiti.
"Kwani mafuta yakishuka," aliniuliza,
"si vitu vinakuwa rahisi?"
Nikafungua mdomo, mimi mwalimu,
nikaufunga.

Kodi ilikuwa ya dola. Ngatia, mwenye nyumba, hakupiga kelele;
alituma fundi tu, akabadilisha kitasa cha tangi la maji.

Somo la mwisho lilikuwa orodha:
mapato, matumizi, makazi, malezi, mazishi.
Thiik akaweka kalamu chini.
"Haya yote hayana umoja?"
"Hayana."
"Basi mtu akitaka kidogo tu, makazi moja,
anaomba vipi?"
Ningemsahihisha kiarifa. Sikumsahihisha.

Kochi liliteremka ngazi limesimama kama ng'ombe asiyetaka mto.
Nyibol alinipa pasi ya umeme kwa masomo manne ambayo hakulipa,
ameifunga waya vizuri, na kitambaa juu,
kana kwamba ni zawadi ya harusi.
"Tunaenda wapi?" Thiik alimuuliza kwa Kiswahili,
ili nami nisikie.
Akamjibu kwa Kidinka.

Getini kuna ubao wa majina ya wapangaji.
Mlinzi alitema mate kidoleni,
akapitisha pale kwenye D4, mara mbili,
na chaki ikaondoka, ikaacha ukungu.

Leo mafuta ya taa yameshuka tena. Kidumu kiko mlangoni, kitupu.
Nina pasi, na sina nguo ya kwenda kufundishia mtu.
Daftari lake nilibaki nalo. Ukurasa wa tisa,
mkwaju wangu mwekundu juu ya neno lake.
Nimelitazama sana.
Ningempa alama yake.