Kocha Asiye na Filimbi

"Kocha wa timu gani?" aliniuliza mlinzi
pale getini Kibaigwa,
akitafuta filimbi shingoni mwangu,
akaona kalamu tu na vumbi la njia ya Mbande.
Nikamwambia: timu ya mtu mmoja,
naye hajui kama yuko uwanjani.

Bwana Ndahani ana maghala matatu, malori manne,
simu mbili zinazolia kwa zamu kama mapacha wenye njaa,
na funguo kumi na saba kwenye pete moja ya chuma
iliyotoboa mifuko ya suruali zake zote.
"Watu wangu wavivu," akaanza, hata chai haijamiminwa.
"Nikiondoka saa moja tu, mzani unalala.
Nimekuita uwatie akili."

Sikuwatia akili.
Chuoni walitufundisha kazi hii kwa maneno marefu,
lakini ukiyapepeta kwenye ungo yanabaki mawili:
kuuliza, na kunyamaza.
Hilo la pili ndilo lenye jasho.

"Mara ya mwisho mtu wako kukupinga," nikauliza, "ilikuwa lini?"
Akacheka.
Kisha akaacha kucheka.
Nje makuli walihesabu magunia, thelathini na moja, thelathini na mbili,
na upepo ukigonga bati kama mtu aliyekuja kudai.
"Laki tatu! Nimekulipa laki tatu uniulize mimi?
Kuuliza hata mimi najua. Nipe dawa."
Arobaini na nne. Arobaini na tano.
Nilikuwa na dawa sita kwenye ncha ya ulimi.
Nikauuma ulimi.

Kwenye hamsini na nane akaweka funguo mezani.
Akasimulia gunia lake la kwanza, mwaka ule wa njaa,
ana miaka kumi na tisa, amelisukuma kwa baiskeli toka Hogoro,
na mwenye mzani akapenyeza kidole chini ya sahani,
kidole kimoja tu,
kilo sita zikayeyuka.
"Nilikiona. Sikusema. Mama alikuwa anasubiri unga.
Tangu siku hiyo kila mkono nauona una kidole hicho."

Sikuandika kitu. Kuna maneno ukiyaandika yanakimbia.
Nikauliza moja: "Na mkono wa Sechelela?"
Sechelela, mtunza ghala, mwaka wa tisa huu,
hajawahi kupoteza hata debe,
hajawahi kushika hata ufunguo.

Wiki ya pili alimpa ufunguo wa ghala la kati.
Siku hiyo hiyo akampigia simu mara kumi na moja.
Wiki ya tatu, mara nne.
Ya nne akamnyang'anya, akaja kwangu amenuna,
akanywa chai yote bila kusema neno,
akaenda kumrudishia.
Ya tano, kuli mmoja mgeni, hajui mila za pale,
akasema mbele ya watu: "Bosi, hapo umekosea."
Ghala zima likasubiri radi.
Ndahani akakohoa. Akasema, "Hebu rudia hesabu."

Sijui kama huo ndio uongozi.
Najua magunia yalihesabiwa upya
na yule kuli alikuwa sahihi, kwa mawili.

Jioni ile nikarudi kwangu Ipagala, kichwa juu,
nikamkuta Lameki na daftari, swali la saba limemshinda.
"Mama, hapa mimi naona..."
Nikamchukua kalamu, nikamjibia,
nikamrekebishia na mwandiko, nikamwambia akaoge.
Kinyozi hajinyoi.

Hakwenda kuoga.
Alinitazama, mikono mapajani, akanyamaza,
kunyamaza kwa kitaalamu kuliko kwangu,
na upepo wa Dodoma ukaanza kugonga bati,
nami, kalamu ya mtoto mkononi,
nikajikuta nahesabu magunia.