Nguo ya Bomba

Bomba hutufikia limeshavaa,
plastiki nyeusi ya kiwandani, imelibana,
isipokuwa penye kiungo, walipolehemu:
shubiri mbili za chuma, uchi.
Hapo ndipo kazi yangu.

Dakika saba kila kiungo. Meli haibembelezi:
inavuta, inasimama, inavuta,
na kule tezini bomba linainama
likiingia Kaspi kama mtu aingiaye maji baridi
asiyetaka aonekane anaogopa.

Hanlar hupiga mchanga wa chuma
hadi kiungo king'ae kama kimezaliwa leo.
Kisha kitambaa. Kisha moto kidogo,
wa kukausha jasho ambalo chuma hulitoa
upepo wa Khazri ukishuka kutoka kaskazini.
Kisha dawa ya makopo mawili; naikoroga nikihesabu
kwa Kiazeri, maana kwa Kirusi huruka nane.
Kisha ala yenyewe. Naizungusha, nabandika kiraka cha kuifunga,
nashusha moto wa gesi,
toka katikati kwenda pembeni, nikizunguka, nikizunguka,
nayo inajikunyata, inakaza, inakumbatia,
mpaka gundi ichuruzike ukingoni
kama uji uliozidi sufuria.
Uji ukitoka, moyo wangu hutulia.

Jana usiku, kiungo cha 2117,
rola yangu ilipita juu ya kitu.
Si kitu hasa. Hewa. Dengu moja chini ya shuka.

Eldaniz, msimamizi, akatazama saa.
"Brashi ya umeme imepita, haikulia."
Kweli, haikulia. Hata cheche haikuruka.
"Basi achia."
Nyuma yake wanaume kumi na wanne,
bilauri za chai mikononi,
wakinitazama kama foleni inavyomtazama
mama anayetafuta chenji.

Hoja ya kitaalamu sikuwa nayo. Nilikuwa na baba.

Ajdar, miaka ishirini na sita
katika mji wa miguu ya chuma juu ya maji,
ambako kila masika walipaka rangi ya kijani juu ya kutu
na kutu ikashukuru kwa kupewa kivuli.
Siku moja ngazi ilikuwa ngazi
mpaka alipoikanyaga.
Rangi ilikuwepo. Chuma kilishaondoka zamani, bila kuaga.
Goti lake la kulia hutabiri mvua hadi leo.

Watu husema Kaspi haina chumvi sana,
theluthi tu ya bahari kuu.
Mwenye kuumwa na theluthi ya nyoka
aje atusimulie.

Kikulacho ki nguoni mwako,
na nguo hii
nimeivisha mimi.

Nikachukua kisu.
Ala ikapasuka, ikiwa bado na joto, ikinuka mpira na lami.
Ndani: tone moja la maji,
lililoruka kutoka wapi sijui,
dogo hata la kulionea aibu.
Eldaniz aliliona. Hakusema nimepatia wala nimekosea.
Alisema, "Dakika kumi na moja,"
akaziandika daftarini, kwenye safu yangu.
Hanlar alikuwa keshafungua mchanga.

Kiungo cha 2117 kilizama saa tisa na robo,
kimevaa sawasawa, pasipo wa kukisifu,
labda sili, na sili ana mambo yake.
Kitalala huko miaka arobaini.
Kama nimekosea sitajua.
Kama sikukosea, vilevile.

Asubuhi nilimpigia baba.
Akauliza kama nakula. Nakula.
Akauliza habari ya mikono. Nikaitazama:
weusi chini ya kucha
ambao petroli haiutoi, wala sabuni, wala ndimu.
"Imeshika," nikamwambia.
"Nini?"
"Gundi."
Akacheka, akakohoa,
kisha akasema nianue nguo zangu,
kesho kutanyesha.