Mteja wa Arobaini na Mbili

Ukurasa wa kwanza wa ombi unasema
mfumo una tangi moja, visima viwili,
bomba la inchi nne, futi elfu sita na mia tatu,
na wateja arobaini na mmoja.
Niliuandika mimi, Orpha Tackett, mweka daftari,
kwenye meza ya jikoni, theluji ikipiga dirisha,
na nilijua ninapoandika
kwamba hesabu imepungua mtu.

Kampuni ya makaa ilituachia maji haya
kama mtu anavyomwacha mbwa: ilihama usiku.
Tukachangishana. Delmas akajifunza pampu
kwa kuifungua na kushindwa kuifunga.
Miaka thelathini na minne amepima klorini
kabla ya kuonja kahawa,
na ramani ya vali zote ameiweka
mahali pamoja tu, chini ya kofia yake.

Sasa goti limegoma. Kisima cha pili kinatapika kutu.
Shirika la ng'ambo ya mlima litatuchukua
kwa dola moja na madeni yetu.
Dola moja! Coy alicheka mpaka akakohoa.
Nikamwambia, wanachonunua si maji, Coy,
ni usingizi wa Delmas.

Lakini bomba halihami kwa kupeana mikono.
Kuna Tume. Kuna shauri lenye namba,
siku thelathini za tangazo gazetini,
mhasibu anayetaka bei ya koleo
tulilonunua mwaka wa mafuriko.
Wiki nzima nililaani karatasi hizo.
Kisha nikafika sharti la nne:
ankara zisipande kwa miaka mitatu.
La tano: simu ipokelewe na binadamu, hata usiku.
Nikajua kuna mtu mjini, asiyetujua,
aliyekaa akawaza bomba letu likipasuka Krismasi.

Mhandisi wao alikuja na rangi ya buluu.
Delmas akatangulia, fimbo ikigonga theluji:
hapa. Hapa. Na hapa,
chini ya banda la kuku la akina Ratliff.
Kijana akapuliza rangi, akaandika.
Mbele ya nyumba ya Icie Mullins
Delmas alipita
kama anayepita kanisa la watu wengine.

Icie hana mita.
Mwaka ule mgodi ulipomlaza mumewe
tulikubaliana bila kikao: koki yake isiguswe.
Maji yake niliyaingiza safu ya uvujaji.
Miaka kumi na tisa, mwanamke mzima,
na maharage yake, na chai yake,
amekuwa uvujaji.

Shauri lilisikilizwa kwenye ukumbi wa shule.
Hakimu wa Tume, Bi Renfroe, aliniapisha.
"Wateja ni wangapi?"
Jibu lilikuwa limeshachapwa.
Nikamtazama Delmas. Delmas akatazama viatu.
Asiye kwenye orodha, nikawaza,
sharti la nne halimjui, la tano halimsikii.
Siri iliyomlinda kwetu itamkata kwao,
siku kijana mwingine atakapokuja
kutafuta panapovuja.

"Arobaini na wawili," nikasema.
"Nilikosea kwa makusudi."

Wakili wa Shirika akaanza kufunua karatasi, haraka.
Nyuma kabisa, kiti kikakwaruza sakafu.
Icie, na koti lake la Jumapili:
"Huyo wa ziada ni mimi.
Nalipa umeme, nalipa kodi ya ardhi.
Ya maji hamjawahi kuniletea."

Amri ilitoka Aprili, kurasa kumi na moja.
Sharti la saba, sentensi moja:
mteja wa arobaini na mbili aunganishwe rasmi,
gharama ya mita ni ya mpokeaji.
Delmas alikabidhi funguo kwenye kopo la kahawa.

Mbele ya nyumba ya Icie kuna doa la buluu.
Akifyeka nyasi, analizunguka.
Ankara ya kwanza ameibandika ukutani,
dola kumi na nane na senti arobaini,
jina lake limekosewa herufi moja.