Dodoki

Kila Jumanne na Ijumaa, saa mbili asubuhi,
namwogesha mzee Ruperto Encinas,
mchimba shaba mstaafu wa mji wa Ajo,
huku Arizona, ambako mvua ikija
watu hutoka barazani kuitazama kama bibi harusi.

Hataki sponji. Hataki kitambaa laini cha kampuni yangu.
Ananyoosha kidole kwenye msumari:
"Lile."
Dodoki gumu, rangi ya ugali wa muhogo,
kazi ya mikono ya dada yake huko Coahuila.
Nililishika mara ya kwanza
nikanyamaza.
Vidole vilijua kabla yangu.
Singa.

Nimezaliwa kambi namba sita, shamba la mkonge, Hale.
Usingizi wangu wa kwanza ulibembelezwa na korona,
ile mashine inayotafuna majani na kutema nywele,
na harufu yake, ukiisikia huisahau:
maziwa yaliyoharibikia ndani ya debe.
Baba alitoka Kasulu kwa treni, bila viatu,
wakamwandikia kipande, wakamwita 4417.
Manamba. Hata mama akikasirika
alimwita hivyo, "Wewe namba,"
na baba alicheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Uani kwa mzee mmea umechuchumaa kwenye changarawe,
majani yamesimama kama mikuki ya watu wasiotaka wageni.
Si mkonge. Lakini uso ule,
ule mwiba mweusi kwenye ncha:
ndugu wa baba mmoja, mama mbalimbali.
Baadaye nilisoma maktaba
(labda na shuleni tulifundishwa, nikasinzia)
kwamba wa kwetu ulitoka pande hizi,
ukavushwa bahari,
vichipukizi elfu, wakafika hai sitini na ushei.
Mimi nilidhani ni wetu tangu Adamu.
Baba alikufa akidhani hivyo.

Ijumaa iliyopita nikakata jani moja.
Nikalilaza kwenye ubao wa kukatia nyama,
nikalikwangua kwa mgongo wa kisu
kama mtu anayepaa samaki.
Utomvu ukanirukia.
Dakika kumi, kuwasha. Nusu saa, vipele hadi viwikoni.
Nilijikuna mpaka nikalia,
maana baba alikuwa hivi kila jioni,
anajisugua mikono kwa majivu na mafuta ya taa,
nasi watoto mlangoni, "Baba ana upele! Baba ana upele!"

Mzee Ruperto alicheka, meno yake mawili.
"Mjinga. Kwanza ulibanike."
Kisha akafungua droo,
akatoa kibati cha shaba, duara, kina tundu juu.
862.
Kila zamu alikitundika ubaoni akiingia,
akakitwaa akitoka;
kikibaki, walijua wa kumtafuta.
"Jina langu," akasema, "liliwashinda."

Nyuzi nilizopata hazikujaza kiganja.
Nilizisokota pajani, mate kidogo,
kama nilivyomwona baba akifanya siku za mvua,
ikatoka kamba isiyofika shubiri mbili.
Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake;
hii ingemlaza njaa hata kifaranga.
Nikaipitisha kwenye tundu la kibati,
nikafunga fundo la kambini,
lile lisilofunguka mpaka likatwe.

Hakuivaa. Ameitundika msumarini,
ubavuni mwa dodoki.
Leo Jumanne, namsugua mgongo,
mikono yangu bado ina alama,
akauliza bila kugeuka,
"Namba ngapi, yule baba yako?"
Nikasema, "Ntabaye."
Akarudia. Akakosea.
Akarudia tena, polepole,
na maji yakapoa.