Fimbo Kwanza

Darasa la Tatu, Hombolo. Vumbi la Septemba
liliingia madirishani bila kupiga hodi.
Nyemo Chidawali akasimama na kitabu, akasoma:
"Dada analima shamba."
Kitabu kilisema baba.
Watoto sitini na nane wakacheka mpaka bati likaitika.
Mimi nikaona dharau,
nikanyoosha mkono juu ya kabati.
Nilijua ilipo bila kutazama.

Nikamwandikisha Dodoma mara hamsini.
Akanirudishia Boboma,
mara hamsini, kwa mwandiko safi.

Mwisho wa muhula nikaandika kwenye ripoti, kalamu nyekundu:
mvivu.
Mama yake, Mbeleje, aliipokea kwa mikono miwili.
Hakwenda shule, kwa hiyo akampa mwanawe amsomee.
Mvivu ni neno lisilo na b wala d.
Alilisoma lote bila kukosea.

Hili nilisimuliwa baadaye. Sikulala vizuri.

Jumamosi moja nilimkuta karibu na bwawa,
mbuzi wao wamechanganyika na wa jirani,
naye anawatenga upesi, kama mtu anayechambua mchele:
huyu wetu, huyu wao, huyu wetu, yule mgeni.
Nikamuuliza anawajuaje.
Akanishangaa.
"Mwalimu, si wana sura?"
Kisha, akichora chini kwa kijiti, akauliza polepole:
"Mbuzi akigeuka upande wa pili, si bado ni yeye?
Na kikombe?
Sasa mbona herufi ikigeuka inaitwa jina jingine?"

Miaka kumi na minne nafundisha kusoma.
Sikuwahi kuulizwa hivyo.
Sikuwahi kujiuliza.

Bi. Nghambi alikuja kutoka mjini na sinia la mchanga.
Hakuanza na kitabu. Alianza na maswali:
anasikia vizuri? alianza kusema lini?
kwao kuna mwingine aliyeshindwa shule akaitwa mjinga?
(Yupo. Mjomba. Ndiye fundi wa pampu wa kijiji kizima.)
Akampigisha makofi: za-bi-bu. M-ta-ma.
Kwenye m ya mtama mtoto aliruka,
wakairudia, wakairudia,
hadi m nayo ikapata kofi lake.

"Macho mazima," akaniambia. "Akili nzima.
Sauti na alama zinapishana njiani,
kama watu wawili waliopeana miadi
bila kusema ni kituo gani."
Nikauliza dawa.
"Si homa, mwalimu. Hakuna kidonge.
Kuna dakika ishirini kila siku,
na mtu asiyechoka."

Mimi huchoka. Lazima niseme.
Zipo siku nilizihesabu zile dakika kama mfungwa,
na siku nilipaza sauti, akanywea,
tukapoteza wiki nzima.

Tulifinyanga herufi kwa udongo wa kichuguu,
tukazianika kwenye kizingiti cha ofisi, kuku wakazidonoa.
Tukafunika mistari kwa kipande cha boksi,
mmoja tu uchungulie.
Na ile b, na ile d:
"Tazama," nikasema. "b ni fimbo kwanza, kisha tumbo.
d ni tumbo kwanza, kisha fimbo."

Akanitazama.
Kisha akatazama juu ya kabati.

Sikuwa na la kusema. Niliinuka,
nikaishusha, nikaivunja goti kwa goti.
Kwa vipande vile tukapata mikia ya b kumi na moja.

Jana Mbeleje alipita na ndoo ya zabibu,
akasimama getini na swali lake la kila mwezi:
"Mwalimu, ameshajua?"
Kabla sijafungua mdomo Nyemo alishachuchumaa,
kidole mavumbini.
Fimbo. Tumbo.
Kisha a, ya haraka.
Halafu kidole kikabaki hewani
muda mrefu, upepo ukianza kufuta alichoandika,
mama anamtazama, mimi nimeuma ulimi.

Tumbo.
Kisha fimbo.
Halafu o, kubwa kupita kiasi.

"Bado," akasoma.