Ti, Ti, Ti

Ilianzia mlima wa Mamboleo, gia ya tatu,
tani saba za mchanga mgongoni.
Ti. Ti. Ti.
Nikadhani ni kijiwe kwenye tairi.
Nikashuka, nikakichokoa kwa msumari,
nikapanda, nikawasha:
ti, ti, ti,
kama mtu anayegonga sarafu mezani
akidai chenji yake.

Siku mbili tu tangu nibadilishe oili.

Nafuna ana gereji nyuma ya soko la Kibuye:
mabati matatu, shimo la kuingilia uvunguni,
na paka anayelala ndani ya tairi kuukuu.
Hakuniuliza hali. Alisema, "Usizime."
Akakiinamisha kichwa cha lori mbele
kama mkwe anayesalimia,
akapitisha kiganja kando ya bomba la moshi,
hakuna pumzi inayovuja,
akatwaa bisibisi ndefu kuliko mkono wake,
ncha juu ya kifuniko cha vali, mpini sikioni,
akafumba macho.

Selensa ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.
Alikuwa kama anayesikiliza jirani kupitia ukuta.

"Ingegonga chini, ngo, ngo, hiyo ni krenki,
ningekwambia mkauze ng'ombe.
Hii inagonga juu.
Bado tunaongea."

Akanipa mpini nami nisikie.
Nilisikia.
Tapeti zilikuwa zikisaga ukavu,
zikipokezana, bila hasira.

"Sasa zima."
Tukamtazama paka dakika tano.
Akachomoa kijiti, akakifuta, akakichovya tena:
oili imefika alama. "Njaa haina."
Kisha akachukua tone, akalibana
kati ya kidole gumba na cha shahada.
Oili nzuri huvutika kama utepe.
Hii ilitiririka hadi kiwikoni
bila hata kuaga.
Akainusa.
"Hii," akasema,
"ilishawahi kufanya kazi kwa mtu mwingine."

"Umeinunua wapi?"
"Stesheni ya petroli."
"Ipi?"
Nikataja moja.
Akajifuta kwa gazeti, polepole,
kidole kwa kidole, na hakuniambia neno.

Mwalimu Perpetua, mwenye lori, alinipa elfu sita.
Mtungi usio na kizibo, uliofungwa kwa karatasi ya nailoni,
nilichukua Nyamasaria kwa elfu mbili na mia tano.
Iliyobaki nililipa deni la kinyozi na la mtu mwingine,
nikaagiza ngege mzima wa kukaanga,
nikamla peke yangu, nimelipa ziwa mgongo.
Mwiba mmoja ulibaki katikati ya magego.
Ulikuwapo hata pale gerejini,
ulimi ukiutafuta.

Simu ikalia. Mwalimu.
Nafuna akaitazama simu, akanitazama mimi,
akaingia shimoni na taa yake.
Angeweza kunisaidia kusema ni filta.
Nilimngoja aseme ni filta.

"Mwalimu," nikasema, "ile oili si ile uliyolipia."

Kukawa kimya,
kimya cha mtu anayesahihisha madaftari.
"Badilisha," akasema. "Kwa mshahara wako.
Na uniletee risiti. Na mtungi wenyewe,
niuone."

Ile chafu ilitoka ikikimbia.
Mpya iliingia taratibu, rangi ya asali,
na filta mpya, mpira wake umepakwa oili kwa kidole.
Nikawasha.
Ti, ti, ti.
Nafuna hakusogea.
Ti, ti.
Paka akageuka upande wa pili.
Ti.

"Na hiyo moja?"
"Hiyo ni uzee. Rudi mwezi ujao, nipime nafasi za vali.
Usiitafutie dawa barabarani."

Sasa nikipanda Mamboleo nazima redio.
Odundo, taniboi wangu, ananiuliza
nasikiliza nini.
Namwambia afunge dirisha.