Somo la Jumanne, Darasa la Sita B

Kitabu kinasema maada ina hali tatu.
Kitabu kimoja, wanafunzi sabini na wawili,
na ukurasa wenyewe umechanwa, sijui nani kafungia karanga.
Basi nikawatoa nje.

Nikachora mraba wa chaki uani:
ingieni humo wote, mbanane, bega kwa bega,
tetemekeni lakini mtu asihame. Hiyo ni yabisi.
Wakatetemeka kama wenye homa.
Singano akaongeza na meno kugongana,
jambo ambalo mimi sikulifikiria.

Nikafuta upande mmoja wa mraba.
Sasa telezeni, mpishane, msiachane.
Wakamwagika mpaka kwenye ngazi za ofisi,
wakachukua umbo la ngazi.
Mwalimu mkuu akachungulia dirishani, akarudisha kichwa.

Nikasema: gesi.
Ee Mola wangu.
Kwa dakika tano sikuwa na darasa.
Wawili waliokotwa Barabara ya Kumi na Tatu
wakijitetea kwamba chombo hakikuwa na kifuniko.

Tulipoganda tena, kwa taabu,
Shekalaghe, aliyehamia Tanga mwezi wa tatu,
akauliza mafuta ya nazi yako kundi gani.
Maana kwa bibi yake Lushoto
asubuhi hukwanguliwa kwa kijiko,
na hapa ukiinamisha chupa yanakukimbia.
Nikamwambia ni yale yale, ila...
"Ila yamehama," akasema. "Kama mimi."
Wenzake wakacheka. Yeye alikuwa anasubiri jibu.

Ndipo akaingia Mwanamkuu, saa nne kasorobo,
gauni limelowa ubavuni, ndoo tupu mkononi.
Makorora umeme umekatika tangu juzi usiku.
Barafu za mama yake, za ukwaju na za ubuyu,
zimelala mawe, zimeamka maji.
Nami, kwa utani wa mwalimu aliyenogewa na somo lake:
Haya Mwanamkuu, tutajie hali tatu za maada.

Akaweka ndoo chini.
"Yabisi ni hela.
Kimiminika ni hasara."
Akafikicha kidole cha mguu kwenye mstari wa chaki.
"Na ile ya tatu ni deni, mwalimu.
Hulioni, lakini chumba kizima limejaa."

Hakuna aliyecheka, hata Singano.

Kwenye andalio la somo kuna kisanduku:
je, lengo limefikiwa?
Nikaandika ndiyo, nikaikata,
nikaiandika tena pembeni, kwa herufi ndogo.
Kisha nikamwuliza ule ukwaju uko wapi.
"Upo nyumbani, lakini ni maji tu."
Kauchukue, nikasema, na jagi.

Saa saba walimu sita tulikuwa ofisini
na vikombe vyetu vya chai,
tukinywa ukwaju wa uvuguvugu, sukari imezidi,
mwalimu mkuu akipapasa mfuko wa shati
na kuuliza kikombe ni shilingi ngapi.